Tumbo la Mfanyakazi Halitaki Pupa

Kuna mambo ambayo watu wetu huyasema kwa sauti ya chini, na habari za tumbo ni moja katika hayo. Mtu ataeleza mbele ya baraza habari za homa yake, za meno yake na hata za madeni yake. Lakini ukimwuliza habari za choo chake huinama na kubadili mazungumzo. Leo twaomba radhi kwa wasomaji wetu, kwani twakusudia kusema waziwazi juu ya jambo ambalo haya imelifunika kwa muda mrefu mno, na kufunikwa kwake kumewadhuru watu walio wetu.

Mwenzetu mmoja, fundi wa mtambo wa chapa, mtu aliyepita miaka 50, aliona damu katika choo chake. Baada ya kusitasita kwa miezi kadhaa alikwenda hospitali, akachunguzwa utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera, uchunguzi ambao madaktari huuita kolonoskopi. Kilionekana kinyama kimoja kidogo, kikaondolewa papo hapo, naye akaruhusiwa kwenda nyumbani. Hiyo ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi na mbili jioni alikuwa zamu. Saa mbili usiku, njaa ya siku mbili ikimwuma, aliketi kwa mama lishe akamaliza sahani ya makande yenye pilipili, akashushia soda mbili. Saa sita za usiku wenzake walimbeba, tumbo limejaa kama ngoma, jasho likimtoka.

Tabibu alimpima akasema hapana kilichoharibika. Ni gesi na chakula kizito kilichoingia kwa vishindo katika tumbo tupu. Lakini ndugu yetu alikwisha ingiwa na hofu. Akasikia habari za mlo wa kuponya utumbo, ambao wote ni makatazo: usile maharagwe, usile ngano, usinywe maziwa, usiguse kitunguu, usile dona. Akaushika kwa mikono miwili. Mwezi wa kwanza tumbo lilitulia, akafurahi. Mwezi wa tano alikuwa bado yu katika wali mweupe na kuku wa kuchemsha, suruali imemlegea kiunoni, na nguvu za kuinua karatasi zimempungua. Wenzake wakanong'onezana: "Mwaona? Ule mpira ndio uliommaliza." Na wawili miongoni mwao, ambao nao walikuwa wameandikiwa uchunguzi huo huo, wakazitia barua zao za hospitali mfukoni na hawakwenda.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Ndugu yetu hakuumizwa na uchunguzi. Aliumizwa na namna mbaya ya kukirudia chakula: kwanza alirudi kwa pupa, halafu hakurudi kabisa. Sisi twasema kwamba kukirudia chakula ni sehemu ya matibabu, kama ilivyo dawa na kama kilivyo kisu. Nako kuna mwanzo, kuna hatua, na kuna mwisho. Asiyefika mwisho hajapona, hata akiwa hana maumivu.

Na tuanze kwa kuitetea kazi ya hospitali. Saratani ya utumbo mpana si ugonjwa wa Wazungu peke yao, kama wasemavyo wengine. Kwa hesabu za mwaka 2022 za shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni 1.9 ulimwenguni walipatwa na saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa katika mwaka huo, na zaidi ya 900,000 walikufa kwayo. Nyingi katika saratani hizo huanza kama kinyama kidogo kisichouma, ambacho hukaa miaka mingi kabla ya kugeuka kuwa adui. Mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, Dakt. William Wolff na Dakt. Hiromi Shinya walianza kuviondoa vinyama hivyo kwa waya upitao ndani ya mpira huo, bila ya kumpasua mtu tumbo. Kabla ya hapo kinyama kilichokuwa mbali ndani ya utumbo kilitaka operesheni kubwa. Basi mtu aliyeondolewa kinyama mchana na kurudi nyumbani siku ile ile amepata bahati ambayo baba zetu hawakuipata. Ni aibu bahati hiyo iharibiwe na sahani ya makande.

Lakini yafaa tujue mwili umetendewa nini. Kwa siku moja au zaidi kabla ya uchunguzi, mgonjwa huamriwa kuacha vyakula vyenye makapi: maharagwe, dona, mboga za majani, karanga, na matunda yenye mbegu kama mapera na pasheni. Hula wali mweupe, mkate mweupe, mayai na samaki. Halafu hubaki na vinywaji vyepesi peke yake, kama chai ya rangi, maji ya dafu na mchuzi uliochujwa; wala hapewi kinywaji chekundu, kisije kikadhaniwa kuwa ni damu. Tena hunywa haluli, lita mbili hadi nne, aghalabu nusu jioni na nusu alfajiri, mpaka kitokacho ni maji matupu. Utumbo mpana wote, ulio na urefu wa kama mita moja na nusu, huoshwa. Kisha hutiwa hewa au gesi upate kufunguka, ili kamera ione.

Anayetoka hapo si majeruhi, ila ni mtu aliyechoka. Tumbo lake ni tupu na lina gesi, maji na chumvi za mwili zimepungua, na dawa ya usingizi ingali katika damu yake. Hata wale bakteria wema wanaoishi katika utumbo wameoshwa wengi wao, nao kwa watu walio wengi hurudi karibu na hali yao ya kwanza katika majuma mawili hadi manne. Ngozi ya ndani ya utumbo nayo ni fundi hodari, maana hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano hivi. Kwa hiyo twayakataa maneno ya wauzaji wa chupa na unga wa kuponya utumbo, ambao humwambia mgonjwa kwamba pasipo dawa yao hatapona. Utumbo uliotazamwa tu, usiokatwa kitu, hauhitaji dawa ya kuuponya. Wahitaji maji, mapumziko, na adabu ya kula.

Wako madaktari wanaomwambia mgonjwa, "Kula kama kawaida leo hii." Hawakosei. Kwa mtu aliyetazamwa tu, hapana hatari katika kula siku ile ile. Lakini neno "kawaida" kwa daktari aliyekaa ofisini na kwa kuli wa bandarini si neno moja. Kawaida ya mfanyakazi wetu ni mlima wa ugali na maharagwe, unaoliwa kwa dakika kumi kabla kengele haijalia. Kawaida hiyo humpa nguvu siku nyingine zote. Siku hiyo moja itamlaza chini.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Katika mwezi wa Ramadhani mfungaji hafuturu kwa kuurukia wali wa nazi. Huanza kwa tende na maji, uji ukafuata, na chakula kizito huja baadaye. Huko Kilimanjaro mwanamke aliyejifungua hupewa mtori, ndizi na nyama zilizopondwa zikawa laini na moto. Bibi zetu hawakusoma vitabu vya utabibu, lakini walijua kuwa tumbo lililokuwa kimya hupigiwa hodi, halivunjiwi mlango. Na wahenga walilifunga neno hilo kwa ufupi: Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Basi twapendekeza utaratibu huu, ambao ni wa busara wala si sheria. Na neno la daktari aliyekuchunguza litangulie kila neno letu. Aliyekatwa kinyama kikubwa huweza kuamriwa kukaa siku kadhaa bila ya makapi, na agizo hilo lishikwe. Mwenye kisukari, na atumiaye dawa za kuzuia damu kuganda, na waulize kabla ya siku ya uchunguzi jinsi ya kupanga dawa na mlo, wasingoje mpaka wameshachunguzwa.

Saa za kwanza ni za maji. Kunywa kidogo kidogo: maji safi, chai ya rangi, maji ya dafu, au yale maji ya chumvi na sukari yanayochanganywa kwa pakiti za hospitali. Ukiona tumbo limetulia, kunywa kikombe cha uji mwepesi wa mchele au wa sembe, au mchuzi wa kuku usio na mafuta mengi. Ngoja saa mbili au tatu. Jioni kula sahani ndogo ya wali laini au ya mbatata za kuponda, kwa samaki chukuchuku au yai la kuchemsha. Tembea kidogo uani, maana gesi hutoka kwa mwendo. Wala usione haya kuitoa, kwani siku hiyo hiyo ndiyo afya yenyewe.

Siku ya pili ongeza ugali wa sembe, boga, karoti zilizopikwa, na kipande cha papai au ndizi mbivu. Siku ya tatu leta mboga za majani zilizoiva sana, na nusu ya sembe yako iwe dona. Kuanzia siku ya nne yarudishe maharagwe na kunde: yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, yapikwe mpaka yapondeke, kwanza vijiko vitatu, kesho yake nusu bakuli. Pilipili, achari, vyakula vya kukaangwa katika mafuta mengi, na pombe, vije nyuma ya vyote. Na pombe isiguswe kabisa siku ya kwanza, kwa ajili ya dawa ya usingizi. Maziwa nayo yataka uangalifu. Watu wazima wengi wa nchi zetu hawana tena nguvu kamili ya kuisaga sukari ya maziwa, ijapokuwa watafiti waliochunguza watu wa Tanzania, Kenya na Sudan walionyesha mwaka 2007 kwamba wako walioirithi nguvu hiyo, hasa katika jamii za wafugaji. Anayejua kuwa maziwa humjaza gesi na aanze kwa mtindi kidogo.

Jambo moja huwatisha watu bure. Baada ya utumbo kuoshwa, choo huweza kutokuja kwa siku moja, mbili, hata tatu. Huko si kufunga choo. Ni kwamba ghala ni tupu. Mtu asinywe haluli nyingine. Ghala likipata kitu, mlango utafunguka wenyewe.

Lakini yako mambo yasiyongojwa: maumivu makali yasiyopungua, tumbo kuwa gumu, homa, kutapika kusikokoma, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, au damu nyingi yenye mabonge. Hayo uji hauyaponyi. Mwenye kuyaona na arudi hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Na aliyekatwa kinyama ajue kwamba damu huweza kutoka hata baada ya juma moja au mawili, ingawa si mara nyingi.

Hayo ndiyo ya pupa. Sasa tuseme juu ya kosa la pili, ambalo ni la kimya na kwa hiyo ni baya zaidi, nalo ni kosa la kuingia katika mlo wa kujinyima na kutotoka tena.

Hatusemi kwamba milo ya namna hiyo yote ni ya uongo. Mingine imetoka katika elimu. Mlo wa FODMAP, mathalani, ulitokana na kazi ya Peter Gibson na Sue Shepherd wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, ambao walilitangaza jina hilo mwaka 2005. Mlo huo hupunguza aina za sukari na wanga ambazo utumbo mdogo haunyonyi sawasawa, kama zilivyo katika ngano, vitunguu, maharagwe, maziwa, na baadhi ya matunda kama embe. Zikifika katika utumbo mpana huchachuka, zikafanya gesi na maumivu. Watu wengi wenye tumbo lisilotulia wamepata nafuu kwa kuzipunguza. Lakini hao hao waliouanzisha mlo huo wamefundisha kwamba una hatua tatu. Ya kwanza ni kupunguza, kwa majuma mawili hadi sita tu. Ya pili ni kurudisha, aina moja moja, kila moja ikijaribiwa kwa siku tatu, kidogo kwanza na zaidi baadaye, huku mtu akiandika lililotokea. Ya tatu ni kula siku zote kila chakula kilichoonekana hakina hatia. Watu wetu huishika hatua ya kwanza na kukaa humo. Wameonyeshwa daraja, nao wamejenga nyumba juu yake.

Kwa nini kimoja kimoja? Historia yatufundisha. Mwaka 1924, huko New York, Dakt. Sidney Haas alitangaza kwamba watoto wenye ugonjwa wa siliaki, waliokuwa wakidhoofika kwa kuhara, hupata nafuu kwa mlo wa ndizi. Na kweli walipata nafuu. Watu wakaamini kuwa ndizi ndiyo dawa, na kuwa karibu kila aina ya wanga ni adui. Lakini huko Uholanzi Dakt. Willem Dicke alikuwa na shaka nyingine, na mwaka 1941 alikwisha andika juu ya mlo usio na ngano. Mwaka 1950, katika tasnifu yake ya Utrecht, alieleza jinsi watoto hao walivyougua tena kila walipopewa ngano, wala hawakuugua hivyo kwa mchele au mahindi. Mkosaji halisi akapatikana: ngano na jamaa zake, wala si wanga wote. Kilichomfichua ni kukirudisha chakula kwa uangalifu na kutazama. Makatazo peke yake yasingemfichua. Mtu anayeondoa vyakula kumi kwa siku moja, akapata nafuu, hajui hata kimoja kilichokuwa na kosa. Amewafunga kumi gerezani kwa hatia ya mmoja, tena bila ya hukumu.

Twaongeza tahadhari mbili. Mwenye ugonjwa uliothibitishwa, kama siliaki, asiirudishe ngano kwa kusoma maneno yetu. Na mwenye ugonjwa wa kuvimba utumbo, kama ule wa Crohn, aongozwe na daktari wake, kwani wengine huwekwa kwa majuma sita hadi nane katika chakula cha maji peke yake na kurudishwa polepole chini ya uangalizi. Tahadhari ya pili ni ya aliyekaa zaidi ya siku tano karibu bila ya kula, hasa akiwa amekonda sana. Huyo asishindiliwe chakula na jamaa wenye huruma. Chakula kingi cha ghafla huweza kuzivuruga chumvi za damu na kuudhuru moyo. Hospitali ndiyo imrudishie.

Tena kuna sababu iliyo karibu na nyumbani ya kutokaa katika wali mweupe. Dakt. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hadi 1964, sehemu kubwa ya muda huo mjini Kampala, katika hospitali ya Mulago. Aliona kuwa magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalikuwa adimu kwa wanavijiji waliokula nafaka zisizokobolewa, kunde na mboga. Na mwaka 1971 aliandika kwamba upungufu wa makapi katika chakula ni sababu mojawapo ya saratani ya utumbo mpana. Si yote aliyoyasema yaliyothibitika, lakini njia aliyoionyesha imeendelea kufuatwa. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walieleza habari za kubadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 walikula kwa majuma mawili chakula cha Kiafrika chenye makapi mengi na mafuta machache, na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini wakala chakula cha Kimarekani. Kwa majuma hayo mawili tu dalili za hatari ya saratani katika utumbo zilipungua kwa wale wa kwanza, zikazidi kwa wale wa pili. Na mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Uholanzi walitangaza jaribio kama hilo kwa wanaume 77 wa Kilimanjaro: waliohama kutoka chakula cha asili kwenda cha Kizungu kwa majuma mawili walionyesha dalili za uvimbe zikizidi katika damu, na waliohama kinyume chake zilipungua.

Tazama basi msiba wa fundi wetu. Alikatwa kinyama ili asipate saratani. Halafu, kwa hofu, akaacha kwa miezi mitano dona, maharagwe na mchicha, vyakula vile vile vinavyoulinda utumbo. Alimfukuza mwizi, akauacha mlango wazi.

Atakuja mtu aseme kwamba haya ni mambo ya wenye mali. Hapana. Kikombe cha uji ni rahisi kuliko sahani ya makande, na mtu wa mshahara mdogo aweza kukipata. Kinachomkosa mfanyakazi ni siku moja ya kupumzika. Fundi wetu hakurudi zamu jioni ile kwa ujinga. Alirudi kwa sababu aliogopa kukatwa malipo ya siku yake. Alisimama mbele ya mtambo unaozunguka, na dawa ya usingizi katika damu yake, ilhali aliyepewa dawa hiyo hukatazwa kuendesha gari, kusimamia mitambo na kutia sahihi mikataba kwa saa 24. Makande yalimpa maumivu ya usiku mmoja. Mtambo ungaliweza kumtwalia mkono.

Na siku hiyo anayo kwa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara, madhali ana cheti cha daktari. Sisi hatuombi siku 126. Twaomba siku ya uchunguzi na siku inayofuata. Msimamizi anayemnyima mtu siku hizo mbili hakuokoa kazi hata kidogo. Amejitafutia majuma ya mtu mgonjwa mbele ya mtambo, au ajali.

Kwa hiyo twasema kwa kila mmoja neno lake. Mfanyakazi na aombe cheti kabla ya kulala juu ya kitanda cha uchunguzi, na aulize kwa kinywa chake: nile nini leo, nile nini kesho, nirudi lini katika chakula changu chote? Asione haya, swali hilo ni la heshima kama swali la dozi ya dawa. Hospitali nazo zimpe majibu hayo kwa maandishi ya Kiswahili, zikitaja uji, sembe na maharagwe, maana karatasi inayomwambia kuli ale vyakula ambavyo hajapata kuviona sokoni ni sawa na kutompa karatasi. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi waulize waajiri juu ya siku mbili hizo. Mama lishe aliye mlangoni mwa kiwanda, ambaye watu wanamsikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi, na awe na sufuria moja ya uji na mchuzi mwepesi. Na jamaa nyumbani wasipime mapenzi yao kwa ukubwa wa sahani.

Fundi wetu, kwa taarifa ya wasomaji, hatimaye alikaa na mtaalamu wa lishe akapewa daftari. Alirudisha dona kwanza, likakaa salama. Akarudisha mtindi, ukakaa. Maharagwe yalimsumbua siku mbili, akapunguza, akaongeza tena, yakakaa. Kitunguu kibichi peke yake ndicho kilichoonekana na hatia, nacho amekiacha bila ya kilio. Uzito wake umeanza kurudi, na sasa huinua karatasi kama zamani. Na mmoja wa wale wawili, alipomwona akila makande mchana kweupe kwa mama lishe yule yule, aliitoa barua yake mfukoni akaenda hospitali. Yule wa pili hajakwenda. Kwa ajili yake, na kwa ajili ya walio kama yeye, ndiyo maana tumeandika.